Kebo mbili nyuma ya draivu ya tepu si njia mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa zabuni za seva hapa Arusha na kwa jirani zetu wa Moshi, hasa vyuo, hospitali na SACCOS zinazoweka bakapu kwenye tepu kupitia mashine iitwayo draivu. Nyaraka hudai "njia mbili hadi kwenye draivu", ili moja ikifa kazi iendelee kwa nyingine. Mzabuni analeta swichi mbili na kebo mbili, taa za kijani zinawaka, anasainiwa, analipwa. Hapo mteja amenunua kebo mbili tu.

Kinachowaponza wengi ni mazoea ya diski. Kwenye diski kila bloku, yaani kipande cha data, ina anwani yake. Amri ikipotelea njiani, seva huituma tena kwa njia ya pili, na hata bloku ileile ikiandikwa mara mbili hakuna kilichoharibika. Tepu haina anasa hiyo. Draivu huandika pale kichwa kilipo. Kebo ikichomoka amri ikiwa hewani, seva haijui kama bloku ya mwisho imeingia. Ikirudia, huenda imeiandika mara mbili. Isiporudia, huenda imeacha pengo. Ndiyo maana programu za njia nyingi za diski, iwe ya Windows au ya Linux, si za tepu, na anayezilazimisha anajitafutia balaa.

Inayotakiwa ni draiva, yaani programu ya kwenye seva inayoiendesha draivu, kutoka kwa aliyetengeneza draivu yenyewe. Hiyo huhesabu bloku inazotuma. Njia ikifa, huiuliza draivu imefika wapi, hulinganisha jibu na hesabu yake, kisha huendelea kupitia poti (tundu la kebo) ya pili. Hutatua pia suala la umiliki: seva ikiishikilia draivu kupitia njia A kwa utaratibu wa zamani, njia B huonekana mgeni na kufukuzwa, ingawa seva ni ileile. Draiva inayofaa hutumia ufunguo mmoja kwa njia zote mbili.

Kwa draivu za IBM kwenye Linux draiva ni lin_tape, na uwezo huu lazima uuwashe mwenyewe. Kwenye faili /etc/modprobe.d/lin_tape.conf weka mstari huu:

options lin_tape alternate_pathing=1

Ipakie draiva upya wakati hakuna kazi inayoendelea, kisha endesha itdt -f /dev/IBMtape0 qrypath uone njia ni ngapi. Baadhi ya maktaba za tepu, yaani makabati yenye draivu na roboti ya kubadilisha tepu, hudai leseni ya kulipia kwa kazi hii. Itajeni kwenye zabuni, la sivyo itawarudia kama ankara ya nyongeza.

Kabla ya yote hayo, igeuze draivu uitazame mgongoni. Draivu nyingi fupi za LTO (aina ya tepu) za Faiba Chaneli (mtandao wa kuunganisha seva na vifaa vya hifadhi) zina poti moja. Zile za kimo kamili za IBM zina mbili. Anayenunua fupi yenye poti moja kisha akadai njia mbili hadi kwenye draivu anadai kisichokuwepo. Na poti mbili haziongezi kasi, ya pili ni akiba. LTO-9 ya kimo kamili huandika MB 400 kwa sekunde bila mbano, na poti ya Gb 8 (gigabiti, si gigabaiti) hupitisha takriban MB 800, kwa hiyo hata moja inatosha kwa kasi hiyo.

Hesabu ya seva 2 na draivu 4 ni hii: poti 8 za draivu na 4 za seva, yaani kebo 12, nusu kwenye swichi A na nusu kwenye swichi B, poti 6 kila upande. Ongezeni kebo 2 na SFP 2 (vipachiko vya poti vinavyogeuza umeme kuwa mwanga) za akiba, maana kipuri kikiharibika huku kwetu kinasubiri basi kutoka Dar es Salaam. Kila seva iwe na kadi 2 za poti moja moja. Kadi moja ya poti mbili ikiungua huondoka na njia zote. Swichi zisiunganishwe, ili kosa la upande mmoja lisivuke. Kila zoni, yaani kundi la poti ambazo swichi inaziruhusu kuonana, iwe na poti moja ya seva pamoja na poti za draivu za upande huo, na mtumie WWPN, namba ya utambulisho ya poti. WWNN, namba ya draivu nzima, ni moja kwa poti zote mbili, hivyo mkiitumia hamtajua mmefunga poti ipi. Diski nazo zipewe kadi zake: mtikisiko wa upande wa diski unaweza kuikata kazi ya tepu iliyokwisha kwenda kwa muda wa saa sita.

Umeme sihitaji kuueleza sana kwa wasomaji wa Arusha. Swichi A na B zikichomekwa kwenye UPS moja, mna swichi moja yenye maboksi mawili.

Vumbi ndilo adui hasa. Kiini cha faiba ya OM3 (aina ya kebo hizi) kina mikroni 50, kwa hiyo chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kukiziba nusu. Safisha ncha kwa kalamu ya kusafishia kila unapochomeka, hata kebo ikiwa mpya. Usipulize kwa mdomo. Unyevu wa pumzi hugandisha vumbi palepale.

Wengi husahau roboti. Katika maktaba nyingi amri za roboti hupitia draivu mojawapo. Ikitolewa kwa matengenezo, draivu tatu zilizobaki ni nzima lakini hakuna wa kuzibadilishia tepu. Washeni njia ya roboti kwenye draivu angalau 2.

Ombi langu kwa kamati za zabuni ni kifungu kimoja cha mapokezi. Andikeni GB 100 za mafaili yaliyokwisha kubanwa, yenye sha256 (alama ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika) inayojulikana. Kwa MB 300 kwa sekunde ni kama dakika tano na nusu. Dakika ya pili chomoeni kebo ya A. Kazi itasita kidogo kisha iendelee. Rudisheni A, hakikisheni kwa qrypath kwamba imerudi kweli, ndipo mchomoe B. Rejesheni mafaili, linganisheni sha256. Rudieni wakati wa kusoma, kisha mkizima swichi nzima, na mwisho mkiitoa draivu inayobeba njia ya roboti. Kazi ikifa hata mara moja, hundi isubiri.

Fundi wa seva,
Njiro, Arusha