Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chama cha Wauzaji wa Vifaa vya Ujenzi, Tanga

Ndugu wanachama,

Taarifa ya fedha mmeshagawiwa, na mhazini ataisoma baada yangu. Wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki tumewaombea dua kabla ya kufungua mkutano. Muda uliobaki naomba niutumie kwa suala ambalo limeibuka karibu katika kila kikao cha kamati mwaka huu: kwa nini kampuni kubwa huvuka mipaka ya nchi zetu kwa wepesi, zikanunua na kuuziana viwanda, ilhali sisi wa Ngamiani na Pongwe huzipata habari hizo siku bei ya mfuko inapobadilika.

Tuanze na saruji, maana ndiyo inayotulisha wengi. Kiwanda cha Pongwe, kinachotengeneza saruji ya Simba, kilianza uzalishaji mwaka 1980 kikiwa mali ya umma. Baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990, hisa zake nyingi zilishikwa na kampuni ya Holcim ya Uswisi, kisha zikawa chini ya AfriSam ya Afrika Kusini. AfriSam ilipotaka kuuza, mnunuzi aliyejitokeza alikuwa Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani, ambayo tayari ilikuwa na kiwanda cha saruji ya Twiga pale Wazo, Dar es Salaam. Tume ya Ushindani iliruhusu, lakini mwaka 2022 Baraza la Ushindani likaibatilisha ruhusa hiyo, na haikuwa ajabu, kwa sababu Twiga na Simba chini ya mwenye mali mmoja si jambo dogo kwa anayenunua saruji. Hata hivyo mauzo yalikamilika mwaka 2023, na mwaka uliofuata Scancem ikaziuza hisa hizo kwa Amsons, kampuni ya Watanzania. Chapa iliyo juu ya mfuko ni ileile, Simba, na wateja wetu wengi hawajui kwamba mwenye kiwanda amebadilika mara zote hizo.

Sehemu inayotuhusu zaidi ilifuata mwishoni mwa 2024, pale Amsons hiyohiyo ilipoinunua Bamburi ya Kenya. Tumezoea kuamini kwamba kampuni ya kimataifa lazima itoke Ulaya au Marekani, kumbe hii imetoka kwetu, ikavuka kwenda nchi jirani ambako watu wanajenga kama sisi na barabara inafika. Leo Pongwe na Bamburi, upande huu na upande ule wa mpaka wa Horohoro, zina mwenye mali mmoja. Mwenye viwanda viwili vinavyotazamana namna hiyo ana uwezo wa kuamua kipi kihudumie soko lipi. Sisemi kwamba hilo limeshafanyika. Nasema uwezo upo, na mipango yetu ya manunuzi iuzingatie.

Msingi wa yote haya ni Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, ushuru wa pamoja kwa bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya uliwekwa kwa mafungu matatu: sifuri kwa mali ghafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, Julai 2022 likaongezwa fungu la nne la asilimia 35. Ukuta wa namna hiyo humfanya mwenye mtaji ajiulize kama alipe ushuru kila meli inapotia nanga, au ajenge au anunue kiwanda ndani ya ukuta, auze katika nchi zote wanachama bila ushuru wa forodha. Mwenye mtaji mkubwa huchagua la pili. Ugomvi huanzia kwenye swali la kipi hasa kimetengenezwa ndani. Mwaka 2018 Tanzania ilizitoza peremende na chokoleti za Kenya asilimia 25, kwa hoja kwamba sukari ya viwandani iliyotumika ilikuwa imeingizwa Kenya kutoka nje bila ushuru. Bidhaa ilitoka nchi mwanachama, lakini ikahesabiwa kama ya mgeni kwa sababu ya sukari iliyokuwa ndani yake.

Kuhusu Bomba la Mafuta Ghafi, kamati haikuelewana, na nitasema maoni yangu bila kuyafanya ya chama. Bomba hili la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga huitwa la Afrika Mashariki, lakini kampuni zinazolijenga hazikutegemea itifaki za Jumuiya peke yake. Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba baina yao mwaka 2017, na mwaka 2021 yakafuata makubaliano kati ya kila serikali na kampuni ya mradi, ambamo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Kampuni yenye mtaji wa kiasi hicho huichukua sheria ya Jumuiya kama sakafu, kisha hujijengea chumba chake juu yake. Siilaumu. Ila mwanachama anayesubiri Jumuiya ndiyo imletee zabuni ya mradi anasubiri mahali pasipo na mlango. Mlango uko katika Sheria ya Petroli ya 2015, inayosema kwamba bidhaa au huduma isiyopatikana nchini itatolewa na kampuni iliyoingia ubia na kampuni ya Kitanzania yenye hisa zisizopungua asilimia 25. Kabla ya hapo, jina lako liwe kwenye kanzidata ya wasambazaji ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wanachama wetu waliojisajili ni wachache kuliko wanaolalamika.

Sasa nieleze kisa cha Horohoro, kwa idhini ya wahusika. Mwezi wa Machi wanachama wawili walimpata mnunuzi wa chokaa kule Ukunda, Kenya. Kila mmoja peke yake alikuwa na mzigo wa chini ya dola 2,000, kiwango ambacho mfanyabiashara mdogo anaruhusiwa kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, bila ushuru na bila mlolongo mrefu. Ili wagawane nauli wakaipakia mizigo yote kwenye fuso moja, na kwa kuwa gari ni moja na mnunuzi ni mmoja, wakaandika ankara moja. Jumla ikavuka dola 2,000, cheti rahisi kikakosa nguvu, na cheti cha kawaida kilikuwa bado hakijaombwa. Gari lililala mpakani usiku mbili. Usiku wa pili mvua ilinyesha, turubai lilikuwa na tundu, na ile ilikuwa chokaa isiyozimwa: mifuko ya upande wa kushoto ikalowa, ikapata joto na kupasuka mmoja baada ya mwingine, mpaka dereva akaamka kwa harufu. Karatasi mbili badala ya moja zingewavusha mchana uleule.

Kwa hiyo kamati imeamua, na ninaomba mkutano uridhie, kwamba katibu atatunza faili lenye orodha ya bidhaa zinazokubalika kwa cheti rahisi na viwango vya ushuru vinavyotangazwa kila Julai, na kwamba hakuna mzigo wa wanachama wawili utakaopita mpakani kwa jina la chama kwa ankara moja. Pendekezo la kununua saruji kwa pamoja moja kwa moja kiwandani tumelisogeza hadi robo ijayo, kwa kuwa bado hatuna ghala lisilovuja.

Fomu za usajili wa EWURA ziko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Atakayejaza leo aje na nakala ya leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Wale watano waliojaza mwezi uliopita bila kuambatisha leseni, fomu zenu zimerudishwa, zichukueni kabla hamjatoka.