Ile picha ya theluji

Shikamoo dada Mama Glory. Mama mpe shikamoo yake, nitampigia Jumapili akishatoka kanisani.

Naanza na ile picha yangu ya kwenye theluji maana nasikia imeshafika mpaka kwa baba mdogo, eti "anakula bata Ulaya huku mabati ya mama yanamshinda". Dada, tiketi ya kutoka Munich mpaka Catania na kurudi nimelipa yuro 38! Mwezi wa pili nani anaenda kisiwani, wanauza bei ya karanga. Nilikuwa nimetoka zamu za usiku kumi na moja mfululizo, ila hayo tuyaache. Siku nne tu jamani.

Sasa sikia. Huo mlima wa kwenye picha ni Etna, ni volkano, uko Sicily, Italia kule chini, unafuka moshi kutwa kama jiko la mama akiwasha kuni mbichi. Wenyeji hata jina hawahangaiki nalo, wanasema Mlima basi, kama sisi na Kilimanjaro yetu. Nikapanda na lile behewa la kuning'inia kwenye waya (bei yake siisemi) mpaka mita 2,500, theluji tupu imepakwa majivu meusi, Wajerumani wanapiga kelele wee nikawaambia tulieni, kilele cha huu mlima wenu hakifiki hata Horombo, kile kituo cha kulala njiani Kilimanjaro. Mimi niliyebeba mabegi ya wazungu mpaka Kibo leo napanda mlima nimekaa! Hiyo ndo picha dada, ile ya kucheka.

Mjini Catania nako mbele ya kanisa kuu kuna tembo wa jiwe la lava. Nimetoka Tanzania nikapige picha na tembo Italia. Nyumba nyingi nyeusi nyeusi, jiwe ni hilohilo la mlima, mwaka 1669 lava ilishuka ikafika mjini mpaka baharini na watu wakajenga tena palepale.

Kilichonimaliza ni huko chini mashambani. Zabibu, machungwa mekundu ndani kama damu, udongo mweusi nikaushika nikaunusa, nikakiona kihamba chetu kabisa, lile shamba letu la nyumbani, nikakaa juu ya jiwe nikanyamaza. Halafu mipaka yao ni kuta za mawe ya lava, babu kapanga na mjukuu anaikuta palepale, hakuna mtu wa kuja usiku kung'oa masale, ile mimea ya mpakani, akaamka asubuhi anasema mpaka ulikuwa kwenye mgomba. Unajua namsema nani. Akija tena na mwenyekiti wa kijiji msisaini kitu, pigeni picha pale masale yalipokuwa, mashimo bado yataonekana, mnitumie.

Nimetuma laki nne kwa simu yako wewe, sio ya kaka. Ni ya mabati ya jikoni kwa mama, ada ya Glory nipe mpaka tarehe tano.

Na ile picha usiifute. Mkuzie mama kwenye simu, pale juu kushoto, auone moshi.