Shule ikiokoa umeme, iachiwe fedha yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie bili za umeme za shule, jambo ambalo kwa kawaida hatulisikii mpaka shule ikatiwe.

Tunasoma mara kwa mara habari za shule zilizofungiwa paneli za sola, pamoja na picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Sipingi sola. Jua huwaka saa zilezile ambazo watoto wako darasani, na hiyo ni bahati ambayo majengo mengi hayana. Lakini aliyewahi kukaa na mhasibu wa shule akapitia bili za mwaka mzima anajua kwamba sehemu isiyo ndogo ya umeme huliwa wakati shule haina mtu. Kufunga paneli kabla ya kuuziba mwanya huo ni kununua paneli nyingi kuliko zinazohitajika.

Chukua shule ya kutwa yenye siku 190 za masomo, saa 8 kila siku. Hizo ni saa 1,520. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo kwa saa 7,240 madarasa ni matupu, na mita haijui kwamba ni likizo. Vifaa vinavyokula wati 500 tu mfululizo, tuseme friji, kipozea maji, kompyuta kadhaa za ofisini na taa za korido, vitamaliza uniti 3,620 katika saa hizo. Pale umeme unapozalishwa kwa makaa ya mawe, kila uniti huja na takriban kilo moja ya hewa ukaa. Hizo ni zaidi ya tani tatu na nusu, na hakuna mtoto aliyefundishwa chochote. Umeme wa maji hauna mzigo huo, ila bili ni ileile.

Pa kuanzia hapahitaji mfadhili. Mita isomwe Ijumaa saa kumi jioni, isomwe tena Jumatatu saa moja asubuhi. Hapo katikati zimepita saa 63. Tofauti ikiwa kubwa, wanafunzi wa fizikia wapite jengo kwa jengo na mwalimu wao mpaka wampate mlaji. Aghalabu atakuwa kwenye chumba cha kompyuta: mashine 40 za wati 60 zikiachwa zinawaka kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi zinakula zaidi ya uniti 33 kwa usiku mmoja. Wakati mwingine ni bomba linalovuja. Tangi likipungua pampu inawaka, likijaa inazima, hivyo hivyo hadi kunakucha, na lawama zote anabebeshwa msoma mita. Taa za ulinzi ziachwe ziwake, hizo sizigusi.

Shule za bweni zinazopikia kuni zina hesabu nyingine, na ni kubwa kuliko ya balbu. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kuni hizo zikiingia jikoni zikiwa mbichi, sehemu ya moto inafanya kazi ya kuzikausha kabla sufuria haijapata joto la maana, huku mpishi akilia kwa moshi. Banda la kukaushia kuni, vifuniko vinavyokaa sawasawa kwenye masufuria na majiko banifu badala ya mafiga ya wazi vitapunguza mzigo wa kuni kuliko hotuba yoyote ya siku ya mazingira. Kuhusu taa nisichoshe watu: LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60, na hilo siku hizi halina mbishi.

Tatizo liko kwenye fungu la fedha. Mkuu wa shule akihangaika mwaka mzima akashusha bili, mwaka unaofuata fungu la umeme linapunguzwa kwa kiasi kilekile alichookoa. Anajifunza haraka kutohangaika tena. Anabandika vibandiko vya "Zima taa" ukutani, vinapauka, maisha yanaendelea. Mimi simlaumu.

Mji wa Hamburg, Ujerumani, uliliona hili mapema. Mwaka 1994 ulianzisha mpango wa nusu kwa nusu: fedha inayookolewa kwa wanafunzi na walimu kubadili matumizi yao, nusu inabaki kwa mwenye kulipa bili, nusu inakwenda kwa shule. Utaratibu huo ukaigwa baadaye katika nchi nyingine za Ulaya. Sioni kwa nini mamlaka yoyote inayolipia shule umeme ishindwe kutoa waraka wa namna hiyo. Kipimo kiwe wastani wa miaka mitatu iliyopita, kirekebishwe idadi ya wanafunzi ikiongezeka au jengo jipya likifunguliwa, vinginevyo shule inayokua itaonekana ni fujaji na ile inayokimbiwa na wanafunzi itapewa zawadi.

Na nusu hiyo ya shule isipangiwe matumizi kutoka juu. Wakitaka mipira, wanunue mipira.

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule