Mimi ndiye Rebeka wa nyumba yetu

Mwanangu mpendwa,

Salamu za mkamwana nilizipata, mwambie marahaba, na wajukuu wote wabusu. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inayosumbua asubuhi.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaikunja. Kwa simu siwezi, maana nikisikia sauti yako nitauliza habari za watoto na mvua, na neno lenyewe litabaki kooni kama lilivyobaki miaka yote hii.

Tangu Kwaresima, jumuiya yetu tunasoma kitabu cha Mwanzo kila Alhamisi jioni, sura kwa sura. Tulipofika sura ya 27 nilitoka nje nikasingizia kikohozi. Habari yenyewe unaijua tangu shule ya Jumapili. Isaka amezeeka, macho yameingia kiza, anamtuma mwanawe mkubwa Esau porini akawinde na kumpikia ili apate kumbariki. Rebeka mkewe anasikia. Anapika wana-mbuzi wawili, anamvika Yakobo mavazi ya kaka yake, anamfunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni. Mzee anapapasa, sauti ni ya huyu, mikono ni ya yule. Anabariki. Kisha Esau anaingia na mawindo yake, anaelewa kilichotokea, analia kwa kilio kikuu na kumwuliza baba yake kama alikuwa na mbaraka mmoja tu.

Kilio hicho ndicho kilichonitoa nje.

Mwaka 2004 ulichaguliwa kuingia kidato cha tano. Mdogo wako alikuwa hajachaguliwa popote baada ya darasa la saba, na njia pekee ilikuwa shule ya kulipia. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Baba yako alikuwa kitandani, kisukari kimemla macho, akaniambia ng'ombe auzwe, pesa iwe nauli yako, ada, godoro na tranka, kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa na umefaulu. Mimi nikamwambia wewe mwenyewe umesema umechoka na shule, unataka kujifunza useremala. Hukusema hivyo. Nilisema mimi. Na wewe nikakuambia baba amekataa.

Basi baba yako alikufa akiamini mwanawe wa kwanza aliikataa shule, nawe umeishi ukiamini baba alikukataa. Katikati yenu nilikuwa nimekaa mimi, ninapeleka maneno huku na huku kama mtu anayebeba maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mdogo wako hakujua. Ningependa ulisome neno hili mara mbili. Yakobo alijua, alisimama mbele ya baba yake akasema yeye ni Esau. Mdogo wako alikuwa mtoto wa miaka 14 aliyeambiwa kesho unakwenda shule, akaenda. Miaka 20 umemnunia kwa kosa la mama yako.

Kwa nini nilifanya? Alikuwa mgonjwa mgonjwa utotoni, nilimbeba mgongoni mpaka watu wakanicheka, na moyo wangu ukamzoea kuliko ulivyopaswa. Biblia inasema wazi, bila kuona haya, kwamba Isaka alimpenda Esau na Rebeka akampenda Yakobo. Nilikuwa nikipita juu ya mstari huo haraka. Sasa naona nusu ya kitabu kile imetoka humo. Yakobo, mtoto aliyeumizwa na upendeleo wa baba na kunufaika na upendeleo wa mama, naye alipokuwa na wana 12 akampenda Yusufu kuliko wote na kumvika kanzu ya pekee. Na yeye aliyemdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi, wanawe walimdanganya kwa damu ya mbuzi.

Nataka useme kweli pamoja nami kuhusu Rebeka. Mwanamke yule alikuwa na imani. Aliacha kwao akafuata mtumishi asiyemjua mpaka Kanaani. Isaka alimwoa akiwa na miaka 40, na mapacha walizaliwa akiwa na 60. Miaka 20 ya kusubiri, mume akimwombea mkewe. Watoto waliposhindana tumboni alikwenda kumwuliza Bwana, akajibiwa kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Kwa hiyo siku ile ya ngozi za mbuzi alikuwa na neno la Mungu mkononi. Alichokosa ni kumwachia Mungu alitimize mwenyewe. Sara alifanya lile lile kabla yake: ahadi ilipochelewa alimtoa mjakazi wake Hajiri kwa Abrahamu, Ishmaeli akazaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86, na wote wanne wakalia kwa ajili ya msaada huo. Mimi sikuwa hata na neno la kushika. Nilimsaidia Mungu katika jambo ambalo hakunituma.

Rebeka alimwambia Yakobo akimbilie kwa mjomba wake Labani akae siku chache, hasira ya kaka yake ipoe. Siku hizo chache zikawa miaka 20. Nilitafuta katika sura zote zilizobaki mahali ambapo mama anamwona tena mwanawe. Sikupata. Yakobo anaporudi, tunaambiwa Debora, mlezi wa Rebeka, alikufa akazikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli. Kifo cha Rebeka mwenyewe hakisimuliwi, ila baadaye Yakobo anataja kwamba alizikwa katika pango la Makpela. Usiku ule nilikesha.

Sasa nizungumze nawe juu ya Esau, maana wewe ni mzaliwa wa kwanza na wahubiri wengi humkumbuka kwa bakuli la dengu tu. Ni kweli aliudharau uzaliwa wake wa kwanza akauuza kwa dengu hizo, na Waraka kwa Waebrania unamkemea kwa hilo. Lakini soma sura ya 33. Yakobo anarudi, amesikia Esau anakuja na watu 400. Anaogopa, anagawa mifugo makundi makundi iitangulie kama zawadi, anainama mpaka nchi mara saba. Esau hana habari na hesabu hizo zote. Anakimbia, anamkumbatia, anamwangukia shingoni, wanalia wote wawili. Mifugo anaikataa kwanza, anasema anazo tele. Na Yakobo, aliyekuwa ametoka kushindana usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki mpaka akachechemea, anamwambia kaka yake kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu.

Hakuna malaika katika mkutano huo, wala sauti kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyedhulumiwa anayekimbia. Mimi naamini Mungu alikuwa amefanya kazi katika moyo wa Esau miaka yote ile Yakobo alipokuwa akichunga kondoo wa Labani, na hakuna aliyeiandika.

Kuna Hajiri pia. Alifukuzwa na mkate na kiriba cha maji, yeye na mwanawe, kutoka nyumba iliyobeba ahadi. Maji yakaisha, akamweka kijana chini ya kichaka akaenda kukaa mbali asimwone akifa. Mungu akaisikia sauti ya kijana. Hata jina Ishmaeli maana yake ni Mungu asikia. Kabla ya hapo, alipokimbia akiwa mjamzito, yeye mjakazi Mmisri ndiye aliyempa Mungu jina, Mungu anionaye, na kisima kile kikaitwa Beer-lahai-roi. Mwanangu, ujue ni nani aliyekuja kukaa karibu na kisima hicho baadaye? Isaka. Mtoto wa ahadi alijenga makao pale Mungu alipomwona mama wa yule aliyefukuzwa. Biblia haisemi kwa nini. Nikikumbuka ulivyoondoka nyumbani na mfuko mmoja na randa ya kuazima, naiweka sauti yako pamoja na ile ya Ishmaeli. Mimi sikukusikia, Yeye alikusikia. Duka lako la samani, mke wako, watoto watatu, hukupewa na mimi.

Yapo mengi mengine, Yusufu peke yake angemaliza karatasi zangu. Nitaje moja tu, Makpela. Abrahamu aliahidiwa nchi nzima. Sara alipokufa akiwa na miaka 127 hakuwa na hata pa kumzika, akanunua shamba na pango kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha. Yeye mwenyewe alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika humo pamoja. Na Isaka alipokufa, Esau na Yakobo walimzika pamoja. Wahubiri husema ni jambo zuri, ndugu kukutana kaburini kwa baba. Ni zuri. Lakini mimi ni mzazi, na sitaki nyinyi mkutane mkiwa mmeshika majembe ya kunifukia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kama utahitaji muda, chukua, Esau aliuchukua. Nakuomba tu uende kwenye kaburi la baba yako ukiwa na watoto wako, uwaambie babu yao alitaka ng'ombe auzwe kwa ajili yako. Hayo ndiyo maneno yake ya kweli, nami nilikunyima miaka 20.

Mdogo wako nilimwita Jumapili iliyopita nikamwambia yote haya, bila kupunguza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba namba yako mpya. Sikumpa, kwa kuwa nimeona ni yako wewe kumpa au kumnyima. Ya kwake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi mama yako.