Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mnapima akili ya mwanafunzi au mnapima ung'eng'e wake?

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mtumba, Dodoma.

YAH: VIJANA WA CHUO KIKUU WANAOFELI KWA LUGHA HUKU SOMO WANALIJUA

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mtu wa steshenari. Nina fremu moja jirani na geti la chuo fulani (sikitaji, manake wateja bado nawahitaji), ndani kuna kompyuta tatu, printa mbili moja mgonjwa, mashine ya fotokopi na ile ya kubaindi. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi kama hawa ninaowachapia sasa hivi, kwa hiyo haya ninayoandika sikuyasoma gazetini, nimeyaona nikiwa nyuma ya dawati na sasa nayaona nikiwa nyuma ya kaunta.

Ngoja nianze na binti mmoja wa mwaka wa tatu, jina lake libaki kwake. Alikuja saa nne usiku, kesho yake ndo mwisho wa kukusanya ripoti ya risechi. Risechi yake ilikuwa ya muhogo, kwa nini wakulima hawang'oi mashina yenye ugonjwa hata baada ya bwana shamba kupita na kuwaambia. Nikawa nachapa, nikakwama kwenye aya moja, nikamuuliza hapa ulitaka kusema nini. Akavuta stuli akaanza kunieleza. Mheshimiwa, sijawahi kufundishwa vizuri vile. Akasema ugonjwa wa batobato mkulima anauona, majani yanajikunja yanapata mabaka ya njano, hiyo haina ubishi, shughuli iko kwenye ule ugonjwa mwingine wa michirizi ya kahawia, manake shina linaweza kusimama vizuri tu, majani yapo, mama anachuma kisamvu kama kawaida, kumbe huko chini muhogo umeshaoza una madoa makavu ya kahawia hauliki, na mkulima anakuja kujua siku ya kuvuna, sasa unamwambiaje mtu ang'oe kitu ambacho kwa macho yake ni kizima? Halafu mbegu yenyewe anaomba pingili kwa jirani, kwa hiyo ugonjwa unasafiri kwa ujirani mwema. Hayo ni maneno yake siyo yangu, ugonjwa unasafiri kwa ujirani mwema.

Nikageuka kwenye skrini kuangalia alichoandika. Aya nzima imenyofolewa sijui wapi huko kwenye intaneti, maneno marefu marefu, hamna shamba, hamna kisamvu, hamna jirani. Pembeni supavaiza kaandika kwa wino mwekundu, haieleweki, rudia. Nikamwambia si uandike tu hivi ulivyoniambia mimi. Akacheka, akasema kaka, hivyo ndo ninavyowaza, ila kwa Kiingereza siwezi kuwaza hivyo, naweza kukopi tu.

Na ukitaka kujua mateso ya yule binti fuatilia safari ya dodoso lake. Aliliandika kwa Kiingereza ili supavaiza alipitishe, akaligeuza Kiswahili ili mkulima alijibu, majibu akayageuza tena Kiingereza ili chuo kiyasahihishe. Data imevuka mto mara tatu na kila mara imelowa. Mwisho wa siku ripoti inakaa kwenye shelfu na yule mkulima aliyetoa muda wake kuhojiwa hawezi kuisoma hata ukimpelekea mlangoni. Yule binti alipata C, na tulikunywa soda.

Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Mwaka wa kwanza kulikuwa na swali kwenye UE, ule mtihani wa chuo wa mwisho wa semista, linahusu vyama vya ushirika, limesema wakulima "hardly benefited", jadili. Sasa mimi kutoka shule ya kata, hard nilijua ni ngumu, ni bidii, nikajua hapa wanasema wakulima walinufaika kwa jasho lao. Nikajaza kurasa nne, mifano ya kahawa, mifano ya pamba, nikatoka nje natembea kama nimeshagraduate. Nikapata 4 kati ya 20, kumbe "hardly benefited" maana yake hawakunufaika sana. Nilipoenda kwa lekcha kulalamika akanionyesha karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili, haya niambie kwa nini ushirika haukumsaidia sana mkulima, nikashusha pale pale ofisini kama dakika kumi hivi, akanitazama akasema "kumbe unajua!" Lakini matokeo yalishakwenda, nikarudi likizo kufanya sup, yaani mtihani wa marudio, na nauli ya mzee. Neno moja, Mheshimiwa. Na nilikuwa na wenzangu ambao walidisko kabisa, yaani walifukuzwa chuo kwa kufeli, na ukidisko hata bumu la mkopo ndo basi tena, unarudi kijijini watu wanajua wewe ni mjinga.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila anayefeli kaonewa na lugha, wapo wavivu, nawajua kwa majina, wanakuja kutoa kopi ya madesa usiku wa kuamkia paper. Na wapo waliosoma inglishi midiamu tangu chekechea ambao Kiingereza chao kinateleza na kichwani hamna kitu, hao nao wanapita. Ndo hoja yangu ilipo. Kipimo chetu kinachanganya vitu viwili halafu kinatoa namba moja, na hiyo namba tunaiita elimu.

Hili jambo halikuanza jana. Tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza ni kipindi tu kama vipindi vingine. Akifika form one mlango unafungwa nyuma yake, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, na mwalimu wake mwenyewe kapita njia hiyo hiyo. Na wengi wetu hata Kiswahili ni lugha ya pili, nyumbani ni Kisukuma, Kihaya, Kimakonde, kwa hiyo huyo kijana anafanya mtihani wa digrii kwa lugha yake ya tatu. Tume ya Makweta, ile tume ya Rais kuhusu elimu, mwaka 1982 ilishauri Kiswahili kipande sekondari kisha kifike chuo kikuu, serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza mashuleni na chuoni, wakakuta kwenye sampuli yao ya chuo kikuu hawafiki asilimia 20 wanaoweza kusoma bila shida hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Chuo kikuu hicho! Enzi hizo kuingia chuo kikuu ilikuwa kama kuingia peponi, wanaingia wachache mno. Na dawa iliyoandikwa ikawa ni kubaki na Kiingereza hicho hicho, Waingereza wakatoa hela za mradi wa kukiongezea nguvu, mradi ukapita. Ikaja sera ya elimu ya 2014, akaizindua Rais Kikwete Februari 2015, tukaambiwa Kiswahili kitatumika ngazi zote, nakumbuka tulivyoshangilia. Toleo la 2023 limekuja, Kiingereza kiko pale pale kuanzia sekondari kwenda juu.

Wakati huo huo mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Safi kabisa. Ila kijana wa sheria anafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza miaka yake yote, halafu tunamtarajia asimame mbele ya hakimu ashushe Kiswahili cha kisheria ambacho hakuna mtu aliyemfundisha.

Najua jibu litakalotoka wizarani, watasema istilahi hakuna. Mheshimiwa, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya Kiswahili inafundisha kwa Kiswahili tangu 1970, watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili na dunia haijaanguka. TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajua kusoma. Chuo Kikuu cha Limpopo kule Afrika Kusini tangu 2003 wana digrii inayofundishwa kwa Kiingereza na Kisotho cha Kaskazini kwa pamoja, na lugha hiyo haina wasemaji hata robo ya wa kwetu. Istilahi siyo maji ya kusubiri mvua, inatokea watu wakianza kuitumia.

Watasema pia soko la ajira linataka Kiingereza. Ni kweli linataka, na mimi nataka mdogo wangu akijue, tena akijue barabara, aende Nairobi akaongee bila kutokwa jasho. Lakini Profesa Martha Qorro wa Mlimani ameshapigia kelele hili miaka na miaka, kwamba kufundisha Kiingereza ni kazi moja na kufundisha KWA Kiingereza ni kazi nyingine. Sisi tumefanya ya pili tukijua tumefanya ya kwanza. Huwezi kumtupa mtu baharini ukaita hilo ni somo la kuogelea, halafu na mtihani wa jiografia unamfanyishia humo humo majini.

Na kinachoniuma zaidi ni huu uongo tunaoishi nao. Ingia semina yoyote, ticha akiona macho yamekuwa makavu anahamia Kiswahili, watu wanaamka, maswali yanamiminika, mjadala unapamba moto. Kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, watu wanajadili kwa Kiswahili kuanzia saa moja mpaka saa saba usiku. Elimu yote inapitia Kiswahili kwa mlango wa nyuma, kisha siku ya mtihani tunajifanya hatukijui. Mficha uchi hazai, samahani kwa methali hii Mheshimiwa ila ndo iliyokuja.

Kwenye uongo huo mimi nakula. Naungama hapa hapa. Miaka ya nyuma nilikuwa narekebisha Kiingereza cha asaimenti kwa hela, na kuna watu mtaani kwetu wanaandika risechi nzima nzima, mwanafunzi analeta mada na hela, anaondoka na kitabu kimebaindiwa. Siku hizi biashara yao imeyumba kwa sababu ya akili mnemba, kijana anaandika ombi lake kwa Kiswahili kwenye simu, inashuka ripoti ya Kiingereza kilichonyooka kama cha BBC. Juzi nilimuuliza mmoja neno lililokuwa kwenye kichwa cha ripoti yake mwenyewe, akaniambia subiri niangalie. Huyo atapata B+. Yule wa muhogo aliyeenda shambani kwa miguu yake alipata C.

Ninachoomba siyo kikubwa. Mnaanza na DS, lile somo la maendeleo ambalo vyuo vingi wanalisoma fakalti zote. Humo ndani wanafundishwa Azimio la Arusha. Azimio liliandikwa kwa Kiswahili, likatafsiriwa Kiingereza, na leo mtoto wa Tanzania anapimwa kama amelielewa kwa kuandika Kiingereza, kweli jamani? Chapeni paper ya DS kwa lugha zote mbili, swali la Kiingereza juu la Kiswahili chini, mwanafunzi ajibu kwa anayoiweza. Mjaribu mwaka mmoja, mlinganishe. Anayetaka Kiingereza aendelee nacho, hamna aliyemnyang'anya.

Halafu ile kozi ya stadi za mawasiliano, sisi ilikuwa semista moja, ukumbi mmoja mamia ya watu, wa nyuma wanasikia mwangwi tu, tukakariri aina za mawasiliano tukajibu tukasahau. Hiyo siyo kufundisha lugha. Kaeni na watu ishirini ishirini mwaka mzima, waandike kila wiki, wasahihishiwe, warudishiwe. Itataka walimu na itataka hela, najua, lakini hata sup na carry (kurudia somo mwaka unaofuata) zina gharama, ila hizo anazilipa mzazi ndo maana hazionekani kwenye bajeti.

Na wahadhiri waandikiwe waraka, waseme mapema lugha ina maksi ngapi kwenye kila swali. Kama ni tano kati ya ishirini sawa, mtu akose tano zake. Mimi nilikosa kumi na sita.

Mheshimiwa, kama una nafasi njoo wiki ya kukusanya risechi, njoo usiku, gari liache mbali, ukae kwenye benchi langu hapa nje usikilize wanavyoelezana kazi zao wakiwa wanasubiri zamu ya printa. Kisha uzisome zikitoka. Nitakupa stuli ile ile.

Niishie hapa, kuna vijana wawili wamesimama mlangoni wanataka kubaindi na umeme wa leo haueleweki.

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari, karibu na geti.