Mhariri, wahudumu wa treni mbona mmewaruka?

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya historia ya haki za watu weusi Marekani, imeandikwa vizuri tu ila kuna sehemu imeniuma mpaka nikaona niandike. Mmeanza na Desemba 1955 pale Montgomery, Alabama, mama Rosa Parks katoka kazini kachoka, kagoma kumpisha mzungu kwenye basi, kakamatwa, alafu siku chache baadae watu weusi wa mji mzima wamesusia mabasi. Yani kama vile moto umejiwasha wenyewe. Mimi naona kusimulia hivyo ni kuwanyima watu jasho lao, kwa sababu kuni za huo moto zilikusanywa kwa miaka thelathini na waliozikusanya wengi walikuwa wahudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni.

Kwanza huyo mama mwenyewe hakuwa fundi cherehani tu aliyechoka miguu, alikuwa katibu wa tawi la NAACP, yani chama cha kutetea haki za watu weusi, pale Montgomery tangu 1943. Na usiku ule aliyeenda polisi kumwekea dhamana ni E.D. Nixon, ambae kwenye makala yenu sijaona hata jina lake. Nixon ndio alianza kuwapigia simu wachungaji, na mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 26 anaitwa Martin Luther King. Sasa jiulizeni, Nixon alipata wapi ujasiri huo kwenye mji ambao mtu mweusi akifungua mdomo kesho yake hana kazi? Jibu ni kwamba mwajiri wake hakuwa mzungu wa Montgomery. Alikuwa mhudumu wa treni wa kampuni ya Pullman yenye makao yake Chicago, na alikuwa na mkataba wa chama cha wafanyakazi unaomlinda. Yeye mwenyewe ndio alikuwa kiongozi wa tawi la chama hicho pale mjini.

Na huo mkataba haukuja kirahisi. George Pullman alianzisha kampuni yake 1867 akawa anaajiri watu waliotoka utumwani kuhudumia abiria, wanawatandikia vitanda, wanawapigia viatu rangi, wanaamshwa saa nane za usiku kuleta maji. Miaka ya 1920 mhudumu alitakiwa kufanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi au maili 11,000 ndio apate mshahara kamili, na muda wa kuandaa behewa kabla treni haijaondoka ulikuwa hauhesabiwi vizuri. Rangi ya viatu ananunua mwenyewe, chakula anajilipia, taulo ikiibiwa na abiria anakatwa yeye. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba nyumbani kwake walikula kwa bakshishi, kwa hiyo atabasamu hata akitukanwa. Na abiria walimwita "George", mtu mzima ana jina lake amepewa na wazazi wake, anaitwa kwa jina la tajiri wa kampuni kama watumwa walivyoitwa kwa majina ya mabwana zao. Hili la jina mimi huwa linanikaa sana moyoni kuliko hata hizo saa 400.

Tarehe 25 Agosti 1925 wakakutana Harlem, New York, wakaanzisha chama chao, wakamchagua A. Philip Randolph awe kiongozi. Randolph hakuwa mhudumu, alikuwa mwandishi wa gazeti, na hapo walitumia akili sana maana kampuni haikuwa na uwezo wa kumfukuza. Wengine ndio waliumia, kampuni iliweka wapelelezi ndani ya mabehewa, mtu akichongewa tu kwamba ana kadi ya chama kazi imekwisha. Ikaunda na chama chake yenyewe cha kuwachanganya watu. 1928 mgomo ukatangazwa alafu ukasitishwa dakika za mwisho, wanachama wakakimbia kwa maelfu, ofisi ikakosa hata kodi.

Hapo kilichowabeba ni wanawake, na nao pia hamkuwataja. Lucille, mke wa Randolph, alikuwa na saluni Harlem na hela yake ndio iliendesha nyumba na harakati. Washington kulikuwa na Rosina Tucker, alikuwa anapita nyumba hadi nyumba kukusanya ada na kugawa karatasi za chama kwa siri kwa sababu mume ndio anafuatiliwa. Kampuni ilipomuadhibu mume wake kwa ajili ya kazi zake yeye, huyu mama alienda mwenyewe ofisini kwa bosi mzungu, akagonga meza, akamwambia mume wangu hahusiki na ninayofanya mimi. Mume akarudishwa kazini. Jamani miaka hiyo, mwanamke mweusi!

Sheria ya reli ilibadilishwa 1934, mwaka uliofuata wahudumu wakapiga kura kuchagua chama cha kuwawakilisha, chama cha Randolph kikashinda kwa mbali, na tarehe 25 Agosti 1937, miaka 12 kamili tangu siku ile ya Harlem, Pullman ikasaini mkataba nao. Saa 400 zikashuka mpaka 240 na mishahara ikapanda. Kuanzia hapo Randolph ana watu, ana hela, ana matawi kila mji wenye stesheni kubwa. 1941 akamwambia rais Roosevelt uso kwa uso kwamba ataleta watu weusi laki moja Washington kama viwanda vya silaha vitaendelea kuwabagua, na Juni 25 amri namba 8802 ya kukataza ubaguzi huo ikasainiwa wiki moja kabla ya maandamano, nayo maandamano yakaahirishwa. Yalikuja kufanyika 1963, yale ambayo nyie mmeyaita maandamano ya King. King alihutubia kweli, lakini mkuu wa maandamano alikuwa Randolph huyuhuyu, ana miaka 74, na mpangaji alikuwa Bayard Rustin.

Sisemi mumtoe Rosa Parks wala King, nawapenda wote. Ninachoomba, mhariri, hiyo sehemu ya pili ya makala mliyoahidi msianzie 1955, anzieni mabehewani 1925, na kama picha mtaweka basi wekeni ya Nixon na ya mama Tucker, kwa sababu za King wasomaji wenu tunazo tayari.

Msomaji wenu, Tabora