Tahadhari ya mawimbi haifai kuambatana na picha ya ziwa lililolala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie picha za Ziwa Victoria zinazochapishwa gazetini, na hasa jambo moja ambalo msomaji haambiwi kamwe: shata ya kamera, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ilikaa wazi kwa muda gani. Mimi ni mpigapicha wa Kirumba. Riziki yangu hutoka kwenye picha za paspoti na za harusi, lakini Jumapili alfajiri huwa nipo juu ya mawe ya ufukweni na kamera yangu, na maji ndiyo yaliyonifundisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote.

Kilichonisukuma kuandika ni ukurasa mmoja wa hivi karibuni. Juu ilikuwapo habari ya tahadhari ya upepo mkali na mawimbi kwa wenye vyombo vidogo, na chini yake picha ya Ghuba ya Mwanza ambayo maji yake yalikuwa laini kama maziwa yaliyomiminwa kwenye sinia, Jiwe la Bismarck likichomoza katikati ya ukungu mweupe. Mtu wa kamera hahitaji kuuliza. Picha ile ilipigwa kwa sekunde nyingi, na huenda siku hiyo ziwa lilikuwa limechafuka kwelikweli, kwa kuwa ukungu wa namna ile ni mawimbi yenyewe yaliyopandana moja juu ya jingine ndani ya picha moja hadi yakafutana. Lakini mama ambaye mwanawe anavuka kesho kwenda Ukerewe hausomi hivyo. Yeye anaona ziwa limelala. Sisi wa ukanda huu, tuliopoteza ndugu katika kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, hatupaswi kuonyeshwa ziwa lililolala kwenye habari ya mawimbi.

Sisemi kwamba picha za maji laini zisipigwe. Nazipenda, na nimezipiga nyingi. Ninachosema ni kwamba vijana wetu wameshika ushauri mmoja, kwamba maji hupendeza kwa shata ya polepole, na ushauri huo ulitungwa kwa ajili ya maporomoko. Maji ya maporomoko hupita njia ileile kila mara, kwa hiyo ukiacha shata wazi kwa sekunde nzima, yatachora nyuzi nyeupe zinazofuata mwamba, na jicho litaelewa kwamba yanaanguka. Maji ya ziwa huja na kurudi. Ukiyaachia sekunde 10 au 20, wimbi linalokuja na linalorudi huchanganyika, na mwendo ambao ulitaka kuuonyesha ndio unaopotea.

Kwa ufuko wetu wa mawe, muda ninaouamini zaidi ni kati ya robo sekunde na sekunde moja. Siri yake ni kubonyeza wimbi likiwa limekwisha kugonga na sasa linarudi, kwa sababu povu linaloteremka kati ya mawe huacha mistari iliyo wazi, na mistari hiyo humwonyesha msomaji maji yanakwenda wapi na kwa nguvu gani. Ukibonyeza wakati linakuja, utapata doa jeupe lisilo na umbo. Nimekaa saa nzima kwenye jiwe moja nikihesabu mawimbi ili nipate moja tu linalorudi vizuri, na sijawahi kuona kwamba muda huo ulipotea.

Anayetaka kuonyesha ukali wa ziwa aende upande wa pili kabisa wa kipimo. Tone linaloruka kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde husogea milimita 4 tu ikiwa shata imekaa wazi kwa 1/1000 ya sekunde, lakini kwa 1/60 husogea karibu sentimita 7, na hapo halionekani kuwa tone wala mstari. Huonekana kama kosa la mpigaji. Ndiyo maana kwa wimbi linalopasukia kwenye gati, kwa mvuvi anayetupa wavu, au kwa mdiria anayepiga mbizi kufuata dagaa, mimi sishuki chini ya 1/1000, na kwa ndege hupanda hadi 1/2000. Jua likiwa kali, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400 na tundu la lenzi f/8 vitakupa takriban 1/1600 bila taabu yoyote. Umbali nao una neno lake: wimbi lililo miguuni pako huvuka fremu haraka kuliko lile lililo mbali, na linalopita kushoto kwenda kulia hudai kasi kubwa kuliko linalokujia usoni. Mtumbwi wa tanga unaopita mbele yako unaweza kuufuata kwa kamera kwa 1/30, ukizungusha kiuno taratibu pamoja nao. Mtumbwi utabaki na umbo lake na maji yatavutika nyuma yake. Katika mara kumi utafaulu mara moja au mbili, lakini mara hiyo moja inatosha.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo vijana wanapopoteza fedha. Wengi huniuliza wanunue kamera ipi, nami huwajibu kwamba kwa maji kamera kuukuu inayokuruhusu kupanga shata mwenyewe inatosha, fedha zinazobaki ziende kwenye tripodi nzito, yaani stendi ya miguu mitatu, na filta mbili za kupunguza mwanga, vile vioo vyeusi vinavyofungwa mbele ya lenzi. Mchana wa jua, kwa ISO 100 na f/11, shata inayofaa ni takriban 1/200. Filta inayopunguza mwanga mara 64 huifikisha karibu theluthi ya sekunde, ambayo ndiyo ile ya povu linalorudi. Ile ya mara 1,000 huifikisha sekunde 5, na hapo tayari umeingia kwenye ukungu. Ningekuwa na fedha ya moja tu, ningenunua ya 64. Kuibana lenzi hadi f/22 ili kukwepa gharama ya filta si njia nzuri, kwa sababu tundu likiwa dogo mno picha nzima hupoteza makali. Filta ya polaraiza nayo ina faida yake: huondoa mng'ao juu ya maji, ukaona mawe yaliyo chini, na wakati huohuo hupunguza mwanga kiasi. Kwa ile nzito ya mara 1,000, lenga kwanza kisha uifunge, kwa kuwa ukishaivaa huoni kitu.

Tripodi iwekwe juu ya jabali. Kwenye mchanga miguu yake huzama kidogo kila wimbi linapopita, na kwenye gati la mbao kila anayepita na gunia huitikisa. Ndani ya kivuko cha Kamanga haina kazi kabisa, kwa sababu mtikisiko wa injini hupanda kwenye miguu yake hadi kwenye lenzi. Huko shika kamera mkononi na upandishe kasi ya shata. Kamera ikiwa juu ya tripodi, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiisukume.

Wenye simu wasijione wametengwa. Simu nyingi haziwezi kubadilisha tundu la lenzi, hivyo mchana wakijaribu nusu sekunde picha huungua na kuwa nyeupe, lakini baada ya jua kuzama hali ni nyingine. Shida ni kwamba hapa tulipo, karibu na ikweta, giza huingia upesi. Una dakika zipatazo 20 tu za mwanga unaofaa, na kila baada ya muda mfupi lazima uongeze muda wa shata. Uwe umekwisha kuchagua mahali kabla jua halijagusa maji. Mahali penyewe hubadilika pia: maji yalipopanda sana mwaka 2020, na tena mwaka 2024, baadhi ya mawe niliyozoea kuyaweka mbele ya picha yalizama, nikaanza kutafuta upya.

Niongeze neno moja kwa wazazi ambao watoto wao wameanza kazi hii. Wengi huingia majini hadi magotini ili wapate wimbi kwa karibu, na kichocho kipo katika maji ya kando ya ziwa letu. Buti ndefu za mpira zihesabiwe kuwa kifaa cha kamera, sawa na lenzi.

Narudi kwako, Ndugu Mhariri, kwa maombi mawili. La kwanza, habari ya upepo, mawimbi au usalama wa abiria iambatane na picha iliyopigwa kwa shata ya haraka, ambayo povu lake linaonekana na msomaji anaweza kukadiria kimo cha wimbi kando ya mtumbwi. La pili, picha ya maji laini inapochapishwa, maelezo yaliyo chini yake yataje muda wa shata na saa iliyopigwa, kwa mfano: "Ghuba ya Mwanza, saa 12:50 jioni, sekunde 30." Maneno hayo hayazidi mstari mmoja, na mpigapicha yeyote anayekuletea picha anaweza kuyapata, kwa kuwa kamera huyahifadhi ndani ya faili lenyewe. Nitakayokuletea mimi nitayaandikia kabla hujaniuliza.

Wako katika kazi,
Mpigapicha wa Kirumba,
Mwanza.